Usiku kati ya basi na boti: barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: ABIRIA WANAOLALA NJIANI KATI YA ARUSHA NA ZANZIBAR



Nakuandikia kutoka Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, kwenye barabara ya Namanga. Bahari iko mbali na sisi, lakini watu wa hapa wanaivuka kila mwaka. Kati ya vijana wa Kimaasai na Waarusha wanaolinda hoteli za Nungwi na Paje kule Unguja, au wanaouza shanga ufukweni, wapo waliotoka kwenye vijiji vinavyotuzunguka. Juni inapokaribia na msimu wa watalii kuanza, huteremka pwani kwa makundi. Wapo pia wanafunzi, mafundi wa ujenzi, na kina mama walioozesha mabinti zao Unguja. Mimi nina kibanda cha uwakala wa fedha hapa sokoni, na wengi wao hunipa simu zao niwakatie tiketi. Kila mara nakwama mahali pale pale: basi nalijua, boti naijua, ila usiku ulio katikati sijui niuweke wapi.

Mheshimiwa, naomba tuhesabu pamoja. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam, kwa njia ya Moshi, Same, Korogwe, Segera na Chalinze, ni zaidi ya kilomita 600. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni 50. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu barabara ile imetuzikia ndugu wengi. Lakini kwa mwendo huo wa halali, basi linaloondoka Arusha saa 12 asubuhi haliwezi kufika stendi ya Mbezi kabla ya jioni, na boti ya mwisho ya kasi kwenda Unguja huwa imeshang'oa nanga alasiri. Maana yake kila abiria wa basi la mchana anayekwenda Zanzibar lazima alale Dar es Salaam. Mtu huyo hakuchelewa wala hakuzembea. Aliamka usiku wa manane, akapanda daladala ya kwanza kupitia Sakina, akawahi basi, na bado ratiba zikamlaza njiani.

Mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, tulidhani jambo limekwisha. Mtu anaondoka Arusha jioni, anafika Mbezi alfajiri, anawahi boti ya saa 1 asubuhi. Ukihesabu saa tu, mpango unakubali. Njiani mambo ni mengine. Pancha moja Mombo, foleni ya malori Chalinze, mvua ya masika, na zile dakika alizokuwa nazo mkononi zimeisha. Hata basi likiwahi, Mbezi siyo bandarini. Stendi ilipohamishwa kutoka Ubungo mwaka 2021, jiji lilipata nafuu ya foleni na mabasi ya mikoani yalipata nafasi yanayostahili. Ila abiria wa boti aliongezewa kilomita. Leo anashuka akiwa bado na zaidi ya kilomita 20 za kukatisha jiji, Kimara, Ubungo, Magomeni hadi Posta ya Zamani, akiwa na mizigo, gizani, pengine kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza. Anachokipata pale ni bodaboda, au teksi itakayomtajia bei kulingana na wasiwasi inaouona usoni mwake.

Anayepanda ndege ya jioni pale KIA hana nafuu kubwa. Saa moja angani inamfikisha Dar es Salaam boti zikiwa zimelala, naye inabidi alale.

Wenzetu wanaopanda meli kubwa za kitalii wanajua kanuni moja: fika mji wa bandari siku moja kabla. Hawaiamini ndege ya asubuhi kuwahi meli ya mchana, kwa sababu meli haisubiri. Mwezi Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn, iliyokuwa ikipanda pwani ya magharibi ya Afrika, iliwaacha abiria wanane katika kisiwa cha São Tomé kwa kuwa walichelewa kurudi kutoka matembezini. Watu wale waliifukuza meli kwa ndege na magari kutoka nchi hadi nchi, wakaikosa Gambia, wakaja kuipata Dakar, Senegal. Hata watalii wale walitaabika vile. Kijana wa Olmotonyi, hapa jirani, aliyekosa boti akiwa na nauli ya kwenda tu ataifukuza kwa nini?

Naomba nisieleweke vibaya: siombi boti isubiri basi. Nchi hii imezika watu waliozama na MV Spice Islander mwezi Septemba 2011 na MV Skagit mwezi Julai 2012. Chombo cha majini kiondoke kwa saa yake, kikiwa na idadi yake ya watu, na nahodha asisukumwe na yeyote. Abiria wa boti inayofuata naye asijazwe kinyemela eti kwa kumhurumia aliyechelewa. Kwa kuwa boti haisubiri, na haipaswi kusubiri, basi usiku wa kuingojea ni sehemu ya safari kama ilivyo tiketi yenyewe, na unahitaji kupangwa na mwenye mamlaka.

Kwa watalii usiku huo umeshapangwa. Hapa Arusha kampuni za utalii zinaifanya kazi hiyo kila siku, na zinaifanya vizuri. Mgeni aliyeshuka Meru leo anajua atalala wapi, nani atampokea, na saa ngapi ataamshwa. Anayebaki bila mpango ni mwananchi, tena mara nyingi ni yule anayekwenda kumhudumia mgeni huyo huyo hotelini. Wengine hukaa kwenye viti vya stendi hadi kuche, begi likiwa katikati ya miguu. Wengine huenda Kariakoo kutafuta gesti usiku, mahali wasipopajua, wakaacha pale fedha ya kuanzia maisha Unguja. Kinachonikosesha usingizi zaidi ni mabinti wanaosafiri mara ya kwanza. Mama mmoja wa hapa aliniambia binti yake alifuatwa stendini na mwanamume aliyemwahidi chumba cha bure hadi asubuhi. Alikataa, akakaa karibu na mama lishe mpaka alfajiri. Namshukuru Mungu kwa mama lishe yule, lakini usalama wa wasafiri wetu hauwezi kuachwa mikononi mwa mama lishe.

Pwani yetu iliwahi kuujua usiku huu. Pale Bagamoyo lipo jengo la Karavanserai, leo ni makumbusho, ambapo misafara iliyotoka bara ilipumzika kabla ya watu na mizigo kupakiwa majahazini kwenda Unguja. Biashara ile ilibeba unyama wa utumwa, nami siisifu hata kidogo. Nasema tu kwamba waliojenga pale walielewa jambo la msingi: mtu atokaye bara hafiki pwani saa ile ile chombo kinapotweka tanga, kwa hiyo pajengwe pa kungojea. Na Dar es Salaam penyewe, hatua chache kutoka zinapofunga boti za Zanzibar, bado limesimama Boma la Kale, lililojengwa kati ya mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya kulaza wageni wa Sultan Majid bin Said. Mji ule ulipokuwa ndiyo kwanza unaanza, nyumba ya wageni ilikuwa usoni pa bandari. Leo jiji lina mamilioni ya watu, na abiria wa kawaida anayengoja boti ya alfajiri hana mlango wa umma wa kubisha.

Hata utaratibu wa kuunganisha safari si mgeni kwetu. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa na treni, magati na meli za Ziwa Victoria chini ya uongozi mmoja. Abiria wa Kisumu alishuka kwenye behewa akakuta meli karibu. Mwaka 1969 likagawanywa, reli zikaongozwa kutoka Nairobi na bandari kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, iliyokuwa na makao yake hapa Arusha, ikavunjika. Baadaye Bara tukawa na SUMATRA, chombo kimoja kilichosimamia usafiri wa nchi kavu na wa majini. Sheria ya 2017 ikaleta TASAC kwa upande wa maji, na ya 2019 ikaleta LATRA kwa upande wa ardhi. Sipingi mgawanyo huo, kwa sababu kila kazi inahitaji wataalamu wake. Lakini LATRA inaishia mlangoni pa basi, TASAC inaanzia kwenye ngazi ya boti, na ng'ambo ipo Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Ule usiku wa katikati haumo kwenye daftari la yeyote kati yao. Bara, aliye juu ya LATRA na TASAC ni wewe, Mheshimiwa, na ndiyo maana barua hii nimeileta kwako.

La kwanza ninaloomba halihitaji hata tofali moja. LATRA ina mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi, ule wa VTS, unaojua kila basi liko wapi na linakwenda kasi gani. Kwa hiyo serikali tayari inajua mabasi ya Arusha hufika Mbezi saa ngapi kweli, siyo saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Itangazeni saa hiyo kwa kila mwezi, pamoja na saa za boti, kwa Kiswahili, sehemu moja. Mzazi wa Ngaramtoni akiona kwamba mwezi wa Aprili mabasi ya usiku huchelewa, atamwambia mwanawe asikate boti ya saa 1, akate ya baadaye. Sasa hivi tunabahatisha, na kubahatisha kunawagharimu wasio na akiba.

Pili, tiketi. Anayesafiri kwa basi lililosajiliwa, na basi likachelewa kwa sababu ambazo VTS yenyewe inazionyesha, awe na haki iliyoandikwa ya kuhamishiwa boti inayofuata yenye nafasi bila kununua tiketi mpya. Leo jambo hilo linategemea huruma ya karani wa dirishani. Wapo makarani wenye utu mkubwa, lakini haki haipaswi kutegemea nani yuko zamu.

Halafu mahali pa kulala. Ukumbi wenye taa, vyoo, maji, ulinzi, sehemu ya wanawake na watoto, na kabati la kufungia mizigo, uwe karibu na bandari au ndani ya stendi ya Mbezi. Watu watalipia, maana hatuombi sadaka. Tunalipa gesti tusizozijua na tutalipa kwa furaha zaidi mahali penye askari. Ukumbi ukiwa Mbezi, basi pawe na gari la alfajiri linalokwenda moja kwa moja hadi Posta ya Zamani kabla ya boti ya kwanza, lenye nauli iliyobandikwa. Mwendokasi una njia yake tayari tangu 2016, na gari moja la mapema halitaivuruga.

Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 tumepewa pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha inajengewa uwanja. Wageni watakaotaka kuona mpira huku na bahari kule watauliza maswali yale yale ninayoulizwa kibandani. Lakini nisingependa ukumbi ule ujengwe kwa sababu yao. Ujengwe kwa ajili ya wale ambao wamekuwa wakilala kwenye viti vya stendi miaka yote, na wataendelea kusafiri baada ya kombe kuondoka.

Ikiwa wataalamu wako watataka kuwasikia abiria wenyewe kabla ya kuandika lolote, soko letu ni Alhamisi na Jumapili. Waje kabla ya Juni, wakati vijana hawajaondoka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Ngaramtoni,
Arusha.