Msiwakalishe Mno Wazee wa Mji wa Kale

Kwa jamaa wa Kibokoni, Kuze, Ndia Kuu na Mlango wa Papa,

Watoto wenu walioko ughaibuni wana jambo moja linalowakosesha usingizi: miguu ya wazee.

Kila msimu wa kurudi nyumbani, mabegi hushuka Mombasa na makopo ya unga wa protini. Kopo hupokewa kwa dua, unga hukorogwa kwenye maziwa, nyanya akaletewa pale pale alipoketi. Akitaka kuinuka afuate birika, wajukuu humrukia: "Keti, nyanya, pumzika!" Mapenzi hayo ni ya kweli, lakini ndiyo yanayomnyang'anya nguvu.

Mwaka 1990, daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha habari za wazee 10 wa makao mamoja ya Boston, Marekani, wenye miaka 86 hadi 96. Waliwapa mazoezi ya kuinua uzani kwa miguu, mara 3 kwa wiki. Uzani wenyewe haukuwa wa kubembeleza: ulifikia asilimia 80 ya ule ambao mzee aliweza kuuinua mara moja tu. Baada ya wiki 8, nguvu za waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha bakora. Walipopumzishwa wiki 4, karibu theluthi moja ya nguvu hizo ikapotea.

Utafiti wao wa 1994 ndio unaogusa makopo yetu. Wazee 100 waligawanywa: wengine mazoezi, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, wengine wakakosa vyote. Kwa wiki 10, waliofanya mazoezi nguvu zao zilizidi maradufu. Kinywaji peke yake hakikuondoa udhaifu.

Uzeeni misuli huwa mizito kuitikia chakula. Inataka protini zaidi, na inataka kushtuliwa kwa kazi. Wataalamu waliokutana chini ya jina la PROT-AGE walipendekeza mwaka 2013 gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku; mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72.

Sasa itazameni sahani yake. Asubuhi mahamri kwa mbaazi, na kikombe kizima cha mbaazi hakifiki gramu 12. Mchana wali, ilhali kipande kinono cha samaki kimekwenda kwa vijana. Usiku chai na mkate, basi. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa 8, na samaki wa gramu 100 hupita 20. Pojo ziko soko la Marikiti kila siku. Mzee wa miaka 70 anayepokea shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, kwa mwezi anaweza kuzimaliza zote kwa kopo moja. Samaki na mayai vitamfaa zaidi.

Halafu kuna ngazi zile za nyumba za ghorofa, kali na nyembamba. Mzee akishaziogopa hashuki tena, na asiposhuka mapaja hulegea zaidi. Viti vya kuswalia navyo vinaongezeka misikitini. Wapo wenye udhuru wa magoti, na hilo halina mjadala, lakini wapo pia ambao kuinuka kutoka sijda kumewashinda kwa sababu ya kukaa tu.

Dawa yake haihitaji jumba la mazoezi. Kiti kigumu kiegemezwe ukutani, mzee ainuke bila kushika, mara 8 au 10, apumzike, arudie. Pumzi asiibane. Ikishakuwa rahisi, akumbatie mtungi mdogo wenye lita 1 ya maji, baadaye 2, mpaka 5. Bila kuongeza uzito misuli haina sababu ya kukua. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke angalau siku 3 kwa wiki. Mwenye maradhi ya figo, moyo au presha iliyopanda amwone daktari kwanza, kwani figo zilizochoka huenda zikatakiwa kupunguziwa protini.

Ramadhani isiwe kisingizio. Aliye na afya ya kufunga ale mayai au samaki kwenye futari, maziwa na pojo kwenye daku, na zoezi la kiti alifanye usiku, chakula kikishatulia. Nanyi mkiwa hapo sebuleni, mwacheni ainuke mwenyewe kufuata birika.