Muuza Kileo Naye Awe na Bima

Katika majimbo mengi ya Marekani, mwenye baa akimuuzia kileo mtu ambaye tayari amelewa waziwazi, na mlevi huyo akamjeruhi mwingine, majeruhi aweza kumdai muuzaji fidia. Kwa kuwa bima ya kawaida ya biashara kwa kawaida haigharamii madai hayo, wenye baa hukata bima mahsusi ya dhima ya kuuza vileo. Naona utaratibu huo ungetufaa hapa Tanzania. Sheria yetu humlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kumfidia atakayeumizwa barabarani; lakini aliyepasuliwa kichwa kwa chupa baani hana bima ya gari ya kuikimbilia, na gharama za upasuaji huwaangukia jamaa zake.

Wapinzani husema mhudumu hawezi kujua nani amezidiwa. Hoja hiyo ina uzito, tena wa kitabibu: kiwango cha kileo katika damu huweza kupanda kwa dakika 30 hadi 90 baada ya funda la mwisho, hivyo mteja aliyetoka akitembea sawasawa hulewa zaidi akiwa njiani. Kahawa haiharakishi kazi ya ini. Basi mhudumu afundishwe kuhesabu chupa, asingoje miguu iyumbe. Ada nayo ipande kwa baa yenye madai mengi. La sivyo bima itageuka kibali cha kumimina ovyo.

Nasi wa wodini tuandike katika faili saa na mahali pa kinywaji cha mwisho. Bila kumbukumbu hizo, majina yakiwa yamefichwa, hakuna atakayeweza kukadiria ada kwa haki.