Ng'ombe Ndiye Anayemkimbia Nyumbu

Tangu Juni 2022, vigingi vya mpaka vilipopigiliwa Loliondo na kumega kilomita za mraba zipatazo 1,500, eneo ambalo leo ni Pori la Akiba Pololeti, wimbo umekuwa mmoja: mifugo inawabughudhi wanyamapori. Nimeuchoka. Kila Februari mambo huwa kinyume, nyumbu wakaingia, ng'ombe wakahama.

Utalii unaleta fedha za kigeni, kweli. Mifugo imeongezeka, kweli, na majani hayaongezeki nayo. Hayo yanasemwa kila siku na wenye vipaza sauti vikubwa kuliko changu.

Lisilosemwa ni hili. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi kisichomdhuru yeye wala mama yake. Katika miezi yake ya mwanzo hukitoa kwa machozi na kamasi malishoni. Ng'ombe akikipata, homa hupanda, macho huingia ukungu, pua huchuruzika kamasi nzito, na ni nadra apone. Dawa hakuna. Wafugaji wanauita ugonjwa wa nyumbu. Tena ng'ombe hamwambukizi mwenzake, kwa hiyo kumtenga mgonjwa hakuokoi zizi. Kinga ya mfugaji ni moja: akae mbali na nyumbu.

Mbali wapi? Nyumbu huzalia nyanda za majani mafupi, Ndutu na viunga vyake, kwa sababu udongo wa majivu ya volkano huotesha majani yenye madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Ng'ombe anayenyonyesha anahitaji madini hayohayo. Ndama wapatao nusu milioni hudondoka, wengi wao ndani ya wiki tatu hivi, na mfugaji wa Ngorongoro hulazimika kupandisha kundi lake nyanda za juu, kwenye kupe na ndigana kali. Malisho bora, tena katika msimu wake bora, anayaacha. Mhasibu gani wa serikali amewahi kuiandika hasara hiyo?

Kinachoniudhi zaidi ni deni lililosahauliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000, sotoka ikiwamaliza wangali wachanga. Ng'ombe wa jirani wakachanjwa, sotoka ikatoweka mbugani, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja. Sindano alidungwa ng'ombe, aliyepona ni nyumbu, na sasa kwa wingi wake huohuo anamwondoa ng'ombe malishoni. Halafu anasimama bwana mkubwa, suti imenyooka, kumwambia mfugaji kwamba mvamizi ni yeye!

Kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011 zinahusu wanyama hatari. Simba akiua ng'ombe, kuna mzoga ulioraruliwa, kuna nyayo, kuna fomu ya kujaza. Nyumbu anaua kwa kamasi, na kamasi haina nyayo. Chanjo ya ugonjwa huo wa nyumbu iliyojaribiwa Simanjiro ilipunguza maambukizi kwa nusu hivi. Ifadhiliwe mpaka ifike kwa mfugaji. Na msimu wa malisho anaomwachia nyumbu alipwe, sasa, wala asisubiri chanjo. Fedha hazihitaji kutafutwa mbali: Februari ndio mwezi watalii wanapojazana Ndutu kutazama ndama hao, na kila gari hulipa langoni.