Bibi Aliyesingiziwa Uchawi



Nimepata barua ya kijana niliyemsomesha chuoni zamani, ambaye sasa anafanya kazi Marekani. Ameoa huko binti aliyesilimu, na wamejaaliwa watoto wawili. Mkewe alipenda kuijua nasaba yake. Akafuatisha daftari za ndoa, za uzazi na za wasia, mzee baada ya mzee, mpaka akafika kwa bibi mmoja aliyeitwa Rebecca Nurse, aliyenyongwa mwaka 1692 kwa kosa la uchawi. Habari hizi zilipomfikia mama wa kijana huku nyumbani, alishtuka, akasema kuwa uchawi hurithiwa, na wajukuu wake wameingiwa na doa. Basi kijana ananiuliza: "Maalim, je, niwafiche watoto wangu jambo hili?"

Kabla ya kumjibu, na tuitazame habari yenyewe.

Bibi Rebecca alikuwa akikaa kijiji cha Salem, katika Massachusetts, nchi iliyokuwa chini ya Waingereza wakati huo. Alikuwa ajuza wa miaka 71, mgonjwa, asiyesikia vizuri, na mwenye kusifiwa kwa ucha Mungu. Mwaka ule wasichana kadhaa walianza kupiga kelele na kugaragara, wakidai kuwa wanateswa na vivuli vya watu waliowataja kwa majina. Vivuli hivyo hakuna mwingine aliyeviona. Juu ya hayo korti ikavikubali kuwa ni ushahidi.

Majirani wapatao arubaini walitia saini karatasi ya kumshuhudia bibi huyo kwa wema, ingawa kumtetea mtuhumiwa siku zile kulikuwa ni kujitia hatarini. Wazee wa baraza kwanza walisema kuwa hana hatia. Wasichana wakapiga ukelele, na hakimu akawataka wazee wafikiri tena juu ya neno moja alilolitamka. Akaulizwa maana yake. Naye kwa uziwi wake hakusikia, akanyamaza. Kunyamaza kwake kukafanywa kuwa ni hatia, akanyongwa tarehe 19 Julai. Watu 19 walinyongwa katika mkasa huo, na mzee mmoja alikufa kwa kukandamizwa na mawe. Waliokiri na kushikilia ukiri wao walisalimika na kitanzi. Walionyongwa ni wale waliokataa kuzisemea uwongo nafsi zao.

Mwaka 1706 mmoja wa wasichana wale, Ann Putnam, alisimama kanisani mbele ya watu, akakubali kuwa aliwashitaki wasio na hatia, akaomba msamaha. Mwaka 1711 serikali ilizifuta hukumu nyingi na kuwalipa jamaa za waliodhulumiwa. Hukumu ya mwanamke mmoja, Elizabeth Johnson, haikufutwa mpaka mwaka 2022. Yeye hakuacha mtoto wa kumtetea. Waliomtetea ni watoto wa skuli pamoja na mwalimu wao.

Ndugu msomaji, sihri ni katika madhambi makubwa, wala hatulipunguzi neno hilo. Lakini kumsingizia mtu uchawi pasina bayana ni dhuluma kubwa pia. Firauni alimwita Nabii Musa mchawi; Makureshi walimwita hivyo Mtume wetu (S.A.W.), na Nabii Suleiman amesafishwa na uzushi huo katika Sura ya Al-Baqara. Jina hili, basi, limewahi kutupiwa waja bora kuliko wote. Tena dini yetu haimtwiki mtu dhambi ya mwenziwe, hata akiwa ni babu yake mzaa baba.

Wala tusidhani kuwa hayo ni ya Wazungu wa kale tu. Kilifi wazee wameuawa katika miaka yetu hii kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi linalotafutwa nyuma ya tuhuma hiyo ni shamba. Usukumani vikongwe wameuawa kwa wekundu wa macho yao, na wekundu huo ni wa moshi wa jikoni, walikopikia watoto na wajukuu umri wao wote.

Kwa hivyo, mwanangu, usiwafiche watoto wako. Waambie kuwa bibi yao alidhulumiwa. Na mama yako mwambie kwa adabu kwamba doa li kwa waliosingizia. Uwaeleze pia kwamba wazao wa Bibi Rebecca walimjengea mnara wa ukumbusho mwaka 1885, na mwaka 1892 wakajenga wa pili, wa kuwakumbuka wale majirani waliotia saini.

Nasi, tukijaaliwa, tutakuwa mababu. Siku moja mjukuu atauliza: alipotuhumiwa ajuza wa mtaa wetu, babu yangu alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele, au wa waliotia saini? Jawabu lake tunaliandika sasa kwa ndimi zetu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na dhana mbaya. Amin.