NYUMBA NA MALEZI: Simba Hakuhamishwa



Juma hili naomba ruhusa yako nizungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu huenda mkalicheka, nalo ni msiba wa mnyama. Najua wako watakaosema kwamba watu wenye kuzika ndugu zao kila mara hawana nafasi ya kumlilia mbwa. Mimi nami nilikuwa na fikira hizo hizo, mpaka jambo lililotokea katika kambi tunamokaa liliponifundisha.

Jirani yetu ni sajini wa polisi ambaye kazi yake ilikuwa kumwongoza mbwa wa kunusa nyayo. Mbwa huyo aliitwa Simba, nao walifanya kazi pamoja kwa muda wa miaka minane. Duka likivunjwa usiku, Sajini aliamshwa, naye akaenda kumwamsha Simba, wakaingia gizani wote wawili, mbwa mbele na mtu nyuma. Waliporejea alfajiri wamelowa umande, Sajini hakugusa chai yake kabla Simba hajanywa maji katika bakuli la bati ambalo yeye mwenyewe alilinunua kwa fedha zake. Binti yake mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alikuwa na desturi ya kusimama kila jioni nje ya wavu wa mabanda ya mbwa, akimsimulia Simba mambo ya shuleni.

Simba alizeeka, akaugua figo, akafa. Sajini alimzika wakati wa magharibi nyuma ya mabanda. Mkanda na mnyororo aliurudisha stoo, kwa kuwa ni mali ya serikali, akabaki na lile bakuli. Alipofika nyumbani, binti yake akauliza habari za Simba.

"Simba amehamishwa," baba akajibu. "Amepelekwa kituo kingine, mbali."

Tusimlaumu upesi. Mtu aliyezoea kubeba majeneza ya wenzake bila kutoa chozi aliona vigumu kuonekana akimlilia mbwa. Alitaka kumwepusha mtoto na huzuni, na pengine kujiepusha yeye mwenyewe. Lakini wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Haukupita mwezi, mtoto mmoja wa kambini akamshika binti yule mkono, akampeleka nyuma ya mabanda, akamwonyesha tuta la udongo. Binti hakumwambia mtu neno. Alichojifunza siku ile ni kwamba "kuhamishwa" maana yake ni kufukiwa ardhini, na kwamba watu wazima hawasemi hivyo.

Miezi michache baadaye Sajini aliteuliwa kwenda Somalia, ambako askari wa Uganda walianza kutumwa mwaka 2007. Asubuhi ya kufunga vifaa, kiatu chake kimoja cha kazi hakikuonekana. Nyumba ilipekuliwa, majirani wakaulizwa. Mimi ndiye niliyemkuta binti nyuma ya jiko langu, amekikumbatia kiatu kile kifuani.

"Mwalimu," akaniuliza, kwa maana hivyo ndivyo watoto wa kambini wanavyoniita, "Baba naye anahamishwa kama Simba?"

Nilisomea ualimu chuoni, na huko tulifundishwa kwamba mtoto wa umri ule huyachukua maneno kama yalivyo. Kwake yeye, aliyelala ataamka, na aliyesafiri atarudi. Tukimwambia kwamba mfu amelala, ataogopa kitanda. Tukimwambia kwamba mfu amesafiri, ataogopa safari. Na katika nyumba za askari, ndugu msomaji, safari na uhamisho ndiyo maisha yetu. Maneno hayo tunayahitaji yabaki safi, ili baba au mama akisema "Nakwenda kazini, nitarudi", mtoto apate kuamini.

Nilimwendea Sajini nikamweleza. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha alimshika binti yake mkono, wakaenda nyuma ya mabanda, naye akamwambia waziwazi: "Simba alikufa. Hapa ndipo nilipomzika. Nilikudanganya kwa sababu niliona haya kulia." Mkewe alinisimulia baadaye kwamba hapo ndipo walipolia wote wawili, na kwamba tangu siku aliyomwoa hakupata kumwona mumewe akilia. Walipomaliza, waliliweka lile bakuli la bati juu ya kaburi, na binti akalijaza maji. Jioni ile kiatu kilirudi mahali pake.

Sajini alikuwa akiona haya bure, kwa kuwa hakuwa askari wa kwanza kumhuzunikia mnyama wa kazi. Katika mji wa bandari wa Gqeberha, Afrika ya Kusini, ambao zamani uliitwa Port Elizabeth, iko sanamu iliyozinduliwa mwaka 1905 kwa ukumbusho wa farasi waliokufa katika vita vya Waingereza na Makaburu, vya mwaka 1899 hadi 1902. Farasi zaidi ya 300,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa, uchovu na maradhi kuliko kwa risasi. Sanamu hiyo haionyeshi jemadari aliyeinua upanga. Inaonyesha askari wa kawaida aliyepiga goti mbele ya farasi wake, amemshikia ndoo ili anywe maji.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, farasi na nyumbu wa mizigo waliangamia kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o. Mizigo yao ikaangukia vichwani mwa wapagazi, nao wapagazi wakafa kwa wingi. Hivyo yeyote asemaye kwamba uhai wa mnyama hauhusiani na uhai wa mtu, na aikumbuke habari hiyo.

Na katika miaka yetu hii alikuwako Magawa, panya buku aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro, Tanzania, na shirika la APOPO. Mwaka 2016 alipelekwa Kambodia kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, kazi aliyoweza kuifanya kwa usalama kwa sababu uzito wake ulikuwa mdogo mno kulipua bomu. Aligundua mabomu na silaha nyingine za milipuko zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alipokufa mwezi wa Januari 2022, habari za kifo chake zilitangazwa katika nchi nyingi. Ikiwa panya ameagwa kwa heshima namna hiyo, hapana sababu ya kumficha kaburini kwa siri mbwa aliyekulinda miaka minane.

Basi, mnyama apendwaye akifa nyumbani mwako, nakushauri mambo haya.

Kwanza, sema ukweli kwa neno lake. Sema "amekufa", kisha eleza kwa ufupi kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi na kwamba hatarudi. Mtoto akiuliza tena kesho na kesho kutwa, mjibu vile vile bila kuchoka.

Pili, tanguliza usalama. Mnyama akifa ghafla, au akiwa na dalili za kichaa cha mbwa, usimguse wala usiwaruhusu watoto wamkaribie. Mwite ofisa wa mifugo. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla na kutokwa damu puani au mdomoni asipasuliwe wala kuliwa kamwe, kwa kuwa huenda ni kimeta. Katika vifo vya kawaida, chimba shimo refu, la mita moja au zaidi, mbali na kisima na bustani ya mboga, na mwoshe mikono kwa sabuni mkimaliza.

Tatu, wape watoto nafasi ya kuaga. Si lazima iwe sherehe. Jiwe, mche wa mti, au kulitaja jina lake wakati wa chakula cha jioni yatosha. Kila nyumba na ifuate dini na mila yake. Najua wako wasiomgusa mbwa, lakini kumhurumia kiumbe hakukatazwi na dini yoyote niijuayo.

Nne, usikimbilie kuleta mnyama mwingine siku ya pili, kama abadilishaye sufuria iliyotoboka. Mtoto atadhani kwamba kila apendwaye hubadilishwa upesi, na kwamba hata yeye aweza kubadilishwa.

Tano, na hili nawaambia hasa akina baba waliovaa sare: mtoto anayemwona baba yake akihuzunika kisha akisimama tena amefundishwa somo ambalo hakuna shule itakayomfundisha vizuri zaidi.

Sajini alimaliza mwaka wake Somalia akarudi salama. Siku alipoondoka, binti yake hakulia sana. Alimsindikiza hadi kwenye lori, akamwuliza jambo moja tu: "Baba, hii ni safari ya kweli?" Akajibiwa kwamba ni safari ya kweli, akarudi nyumbani na mama yake. Kwa mwaka mzima, kila jioni, nilimwona akipita mlangoni pangu amebeba kibuyu cha maji, akielekea nyuma ya mabanda.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiingiwe na fukusi. Kwa leo nawaaga, na salamu kwa wote walio zamu.