Skrini Ikizimika, Tuanze na Lililo Jepesi

Mama yetu mzazi, tunayeishi naye hapa Eldoret, ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama. Macho yake yamedhoofu, hawezi tena kusoma hesabu kwenye kioo kidogo cha kipakatalishi. Hivyo tulimuunganishia skrini kubwa. Juzi umeme ulikatika, na uliporudi skrini ikabaki nyeusi. Fundi akatuhukumia kwa simu kwamba imeungua. Tulikaribia kugusa karo ya watoto.

Tukaona tukague kwanza. Taa ya skrini ilikuwa ikiwaka, basi umeme unafika. Tukachomoa waya wa HDMI pande zote mbili, tukaurudisha kwa kuukaza. Tukajaribu na waya mwingine. Tukabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, tukachagua picha ionekane kwenye vioo vyote viwili. Bado. Mwisho tukabonyeza kitufe cha skrini cha kuchagua tundu la kupokea picha. Kumbe ilikuwa ikingoja picha katika tundu lisilo na waya! Picha ikarudi.

Wenye kutumia waya wa USB-C wakumbuke kwamba si kila tundu la aina hiyo hupitisha picha; mengine huchaji na kuhamisha data tu.

Dada zetu, fundi mwaminifu ana haki ya ujira wake, lakini haraka haina baraka. Tukague kabla ya kulipa. Mama alifunga hesabu za chama usiku uleule, kwa macho yake mwenyewe.