Kufuli la Kinanda

Yako maneno yanayozunguka katika parokia zetu za Ufipa, kuanzia Laela mpaka Namanyere. Husemwa kwa sauti ya chini nje ya kanisa baada ya Misa, na kwa sauti ya juu katika vikao. Yanasema hivi: vijana wanaopiga kinanda siku hizi wameharibika. Jumamosi jioni, mazoezi ya kwaya yakiisha, wanabaki peke yao kanisani, wanapiga vitu visivyo na nota wala maneno, wanaweka simu juu ya kinanda na kujirekodi, halafu wanarusha rekodi hizo katika makundi ya WhatsApp. Dawa inayopendekezwa ni kufuli, na ufunguo ukae kwa mwenyekiti.

Sisi tunaopiga vinanda hivyo tunapinga. Wanaosema hayo ni wazazi wetu, na wengine ndio waliotoa gunia la mahindi ili kinanda kinunuliwe, kwa hiyo tunapinga kwa heshima. Lakini tunapinga.

Shtaka la kwanza ni kujionyesha. Tunakumbushwa maneno ya Bwana kuhusu wanaosali kwenye pembe za njia ili waonekane. Sawa. Lakini katika hotuba hiyohiyo ya mlimani, ukurasa mmoja nyuma, ametuambia pia kwamba taa haiwashwi ili ifunikwe chini ya pishi. Anayejua kama mtu anasali au anajitangaza ni Mungu aonaye sirini, wala si mjumbe anayehesabu nani ametuma nini kwenye kundi. Tena tuulizane kwa haki. Kwaya inaposhona sare mpya, ikakodi mpiga picha, ikapanda kilimani kurekodi video, parokia nzima inachangishwa na hakuna anayesema hao wanajionyesha. Kijana mmoja akituma dakika nne za sauti tupu, uso wake hauonekani, hata jina hajaandika, huyo ndiye mwenye majivuno? Majivuno yapo, hatukatai. Ila mizani iwe moja.

Shtaka la pili ndilo linalotuuma zaidi: eti muziki usio na maneno si sala. Hapa tunaomba wazee wetu wafungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tatu. Wafalme watatu wamekwama jangwani bila maji, wanamwendea nabii Elisha, naye kabla ya kusema neno lolote la unabii anaomba aletewe mpiga kinanda. Huyo anapiga, na mkono wa Bwana unamjia nabii. Hatuambiwi wimbo ulikuwa upi wala kama ulikuwa na beti. Daudi naye alipompigia Sauli kinubi, tunachosimuliwa ni mkono wake juu ya nyuzi na yule mfalme kupata nafuu.

Mtakatifu Agustino, Mwafrika wa Hippo, alipofafanua Zaburi alieleza jambo ambalo mkulima wa Ufipa hahitaji kufundishwa. Alisema wavunaji shambani huanza kwa wimbo wenye maneno, na furaha ikizidi wanayaacha maneno, inabaki sauti. Ndipo akauliza: ni nani anayestahili shangwe ya namna hiyo kuliko Mungu asiyeelezeka? Aliyewahi kukata ulezi mwezi wa sita, baridi ya asubuhi ikiwa bado kwenye vidole, anaijua sauti hiyo. Mbona ikitoka kooni ni shangwe, na ikitoka kwenye kinanda ni upuuzi?

Wapo wanaokimbilia sheria ya Kanisa. Twende huko basi. Mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alikataza kweli piano kanisani. Lakini aya hiyohiyo ilikataza na ngoma. Leo ngoma inalia katika kila parokia ya uwanda huu na hakuna anayetikisa kichwa, kwa sababu mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiheshimu kinanda cha mabomba, ukafungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa ibada, na ukataka muziki wa mataifa yetu upewe nafasi yake. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alichapisha kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kisha mwaka 1967 likaja agizo la Roma juu ya muziki mtakatifu. Hilo linaruhusu kinanda kupigwa peke yake mwanzoni kabla padre hajafika altareni, wakati wa matoleo, wakati wa komunyo na mwisho wa Misa. Lilikataza hayo wakati wa Majilio, Kwaresima, Siku Tatu Kuu na Misa za wafu. Tena linamtaka mpigaji aielewe roho ya liturujia ili hata anapopiga bila nota, kwa kubuni mwenyewe, aisaidie ibada. Kubuni papo hapo, basi, Kanisa linakujua na limekuwekea utaratibu. (Na kwa wanaoogopa neno piano: vinanda vyetu vingi vya umeme, ukiviwasha tu, sauti ya kwanza kutoka ni hiyohiyo.)

Kuhusu kurekodi, tutazame ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, kwaya ya Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, iliimba Misa iliyojulikana baadaye kama Missa Luba. Sehemu kubwa ilizaliwa kwa waimbaji kubuni pamoja, juu ya mapokeo ya nyimbo zao. Mwaka huohuo ilirekodiwa, ikasikika dunia nzima. Kama mtu angewaambia wale vijana kwamba kisichoandikwa hakistahili kuhifadhiwa, leo tusingekuwa na kitu. Huko Paris nako, Charles Tournemire alirekodiwa akibuni kwenye kinanda cha kanisa la Sainte-Clotilde miaka ya 1930 na 1931. Baadaye Maurice Duruflé aliketi akasikiliza sahani zile na kuandika nota moja moja, na wapigaji wanajifunza kwazo mpaka leo. Rekodi ilitangulia, nota zikafuata.

Sasa tuseme jambo lenyewe. Kila Jumapili hutokea hivi: wimbo wa komunyo umekwisha, na mstari wa waamini bado unafika mlangoni. Mpigaji afanye nini? Aliyezoea kubuni anaendelea taratibu, katika ufunguo uleule, watu wanasali. Asiyezoea anarudisha beti kwa mara ya tano, au ananyamaza na tunasikiliza viatu. Uwezo huo haushuki Jumapili asubuhi. Unatafutwa Jumamosi jioni, na mtu hawezi kusikia vizuri anachopiga wakati anapiga. Husikia akirudia rekodi. Matai hakuna chuo cha kinanda, Mtowisa hakuna, Kirando hakuna. Kijana wa huko akituma rekodi kwa mpigaji aliyemzidi huko Mbeya au Songea, akajibiwa kwamba besi yake inakimbia na mkono wa kulia unabana, hilo ndilo darasa alilonalo. Ukifunga kinanda kwa sababu ya simu umefunga na shule hiyo, halafu mwakani utalalamika kwamba vijana hawataki kumtumikia Mungu.

Habari ya umeme tuipitie haraka. Tumekaa miaka mingi na umeme unaotoka Zambia, tunajua thamani yake. Kinanda kisichounganishwa na spika kubwa hutumia umeme kidogo kuliko balbu moja ya zamani ya wati 60. Kama ni hiyo senti, tutailipa.

Mambo matatu tunayakubali bila kuvutana. Simu isiwekwe juu ya kinanda wakati wa Misa. Rekodi isitumwe kwenye kundi la matangazo ya parokia, ambako mtu anatafuta saa ya mazishi. Na midundo ya dansi inayokuja ndani ya kinanda ibaki humohumo. Anayevunja hayo aitwe na aonywe yeye, kwa jina lake.

Ufunguo ukae kwa mwalimu wa kwaya, na Jumamosi saa kumi na mbili mpaka saa moja jioni iwe ya wapigaji. Na kila halmashauri ya walei iliyokwisha kutenga fedha ya kufuli, tunaiomba dakika nne tu kabla ya kupiga kura: simu moja iwekwe katikati ya meza, rekodi mojawapo ichezwe mpaka mwisho, wajumbe wote wakiwa kimya.